Amani ya Madam

Neki mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na hali yako naijua: uko saluni unasukwa, umekaa hapo tangu mchana, na utarudi ukilalamika kwamba wamekuvuta nywele mpaka macho yamepanda. Kwa hiyo hilo tuliruke. Mimi niko hapa mezani. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa. Nimejaribu kulifungua nihakikishe umeweka soksi za kutosha, nikakuta umelitia kufuli. Vizuri. Sitakuandikia habari za soksi. Wala sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala za kutomjibu madam, wala za kuficha nakala ya pasipoti. Hayo mmefundishwa kwa wakala, na mengine nimeyasema mimi mpaka ukaanza kunimalizia sentensi.

Nataka kukuandikia habari ya neno moja tu. Neno lenyewe ni amani.

Unakumbuka siku ile tulipogombana kwa sababu ya kazi mbili. Moja ilikuwa imeletwa na Bi Hawa, rafiki yangu wa Jeddah: mjane mzee anayekaa Hindawiyah, anataka msichana wa kuishi naye, na Bi Hawa anamjua tangu wote wawili wakiwa watoto. Nyingine ililetwa na wakala: Riyadh, jumba jipya pembeni ya mji, mume na mke na watoto wawili. Ulikaa kwenye hiki kiti ninachokalia sasa, ukaitafuta mitaa yote miwili kwenye simu. Hindawiyah ikaja na majengo yaliyochubuka rangi, nguo zimeanikwa madirishani, wanaume weusi wamekaa barabarani kwenye viti vya plastiki, mama mmoja ametandika biashara yake chini. Riyadh ikaja na ukuta mweupe, mtende mmoja, geti, na barabara isiyokuwa na mtu.

"Mum," ukasema, "hii ya kwanza ni kama Majengo."

"Ndiyo," nikasema. "Ni kama Majengo."

Mimi nilidhani nimeisifu. Wewe ukadhani nimekubaliana nawe. Hapo ndipo tulipopotezana, na hatujaonana tena mpaka leo, ingawa tunalala nyumba moja.

Nilikueleza tena habari ya vidole vyangu. Ukasema pole Mum, ukanishika mkono, kisha ukarudi kwenye picha ya geti. Sikukukasirikia. Niliingia jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kuosha kitu, kwa sababu nilijua macho hayo uliyokuwa unatazamia picha umeyapata wapi. Ni mimi niliyekupa, kwa simu, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Nilipoondoka kwenda Riyadh ulikuwa darasa la tano, na tulikuwa tukikaa Majengo kwenye kile chumba cha ukuta wa bati. Ilikuwa miaka ile mawakala walipoanza kuzunguka mitaani wakiita wanawake, na kila ukoo ulikuwa na mtu aliyekwenda au anayetaka kwenda. Nilipelekwa nje ya mji, mtaa mpya, kila nyumba ndani ya ukuta wake. Hakuna aliyetembea kwa miguu. Ukisikia hatua za mtu huko nje, basi ni mfagiaji amepita.

Madam wangu hakuwa mtu mbaya. Nakuambia hili mapema kwa sababu najua ungependa awe mbaya, ili useme wako atakuwa mzuri. Alinipa chakula walichokula wao. Hakunipiga hata siku moja. Siku za mwanzo alinipandisha ghorofani, akanisimamisha dirishani, akanionyesha kule mjini, kwenye mtaa wa zamani uitwao Dira.

"Dira," akasema. "Hinak mafi aman." Kisha akaonyesha sakafu tuliyosimama. "Hina aman."

Mafi ni hakuna. Hilo nililijua siku ya kwanza kwa sababu kila nilichoomba kilikuwa mafi. Hina ni hapa, hinak ni kule. Na aman, nani asiyeijua? Nikaona nimeokota neno la kwetu katikati ya jangwa. Kule hakuna amani, hapa kuna amani. Nikatega sikio nihakikishe. Kweli, hapakuwa na sauti hata ya redio. Nikamwambia, "Aiwa madam, amani."

Mnepali aliyekuwa akitunza bustani asingefanya kosa lile, wala yule Mfilipino wa nyumba ya pili. Kwao neno hilo lilikuwa geni, iliwabidi waulize maana yake. Ni sisi tunaojidai tunakijua Kiarabu kwa sababu tunasema salama na hatari. Kwa Kiswahili changu mimi cha Majengo, amani ni utulivu: hakuna kelele, hakuna ugomvi, watu wamelala. Madam alikuwa anasema jambo jingine kabisa, kwamba hapa mtu amekingwa, baya halimfikii. Yeye akisema hapa hakuna hatari, mimi nasikia hapa hakuna kelele. Mkataba mzima tulikuwa tunakubaliana hivyo, kila mtu na lake.

Neno jingine lilikuwa hara. Kwao hara ni mtaa wa zamani uliosongamana. Kwetu unajua ni nini. Madam akianza kuilaumu hara kwa uchafu wake, nilikuwa naingia stoo kucheka.

Siku moja nikamuuliza, huko hara kuna nini hasa. Akasema kuna Waafrika. Wanaiba, wanakunywa pombe, wanaruka kuta za watu. Alisema hayo mimi nikiwa nimembeba mwanawe mgongoni, mtoto amelala, mate yake yananilowesha shingo.

"Na mimi, madam?" nikamuuliza.

Akacheka, akanipiga bega. "La, la. Wewe si kama wao. Wewe ni wa nyumbani."

Neki, nilifurahi. Ningeweza kukuambia nilinyamaza kwa woga, na ziko siku nilinyamaza kwa woga. Siku ile nilifurahi. Nilikwenda kuosha vyombo nikiimba. Kila nikilikumbuka naona haya mpaka masikio yanawaka.

Na usidhani yote niliyapata kwa madam. Sisi Wakenya tuna yetu tuliyotoka nayo nyumbani. Tukisikia tu Mnaijeria, tunashika mkoba. Wasichana wa kwetu walikuwa wakitumiana ujumbe: mkifika Jeddah msipite Hindawiyah, kumejaa watu weusi. Hayo tunaandikiana sisi, weusi hivi tulivyo, na hakuna aliyeona kichekesho.

Basi nikampigia mama yako mdogo nikamwambia amtoe mtoto Majengo. Akauliza kuna nini. Nikasema huko hakuna amani. Akatafuta, akapata nyumba hii ya Kitengela, ndani ya geti, yenye soja na maua yaliyokatwa sawasawa. Kila nilipokupigia swali langu lilikuwa hilo hilo. Hujaenda Majengo? Hujaenda. Vizuri. Nilikufundisha kuvuka upande wa pili ukiona vijana wamesimama. Nilikufundisha kwa simu, kutoka kwenye nyumba ambayo mimi mwenyewe sikuwa na ruhusa ya kutoka getini.

Ulipokuwa kidato cha pili ulipelekwa kumsalimia Mama Zuhura, jirani yetu wa zamani. Yeye ndiye aliyekusikia kupitia bati ulipokunywa mafuta ya taa ukiwa mtoto mdogo, mimi nikiwa kwenye foleni ya maji. Alikubeba mbio mpaka zahanati bila viatu. Siku hiyo ya kumsalimia ulikaa ukingoni mwa kitanda chake, mkoba mapajani, umeushika kwa mikono miwili. Yeye aliona. Baadaye aliniambia kwenye simu, "Mtoto amekua, ana adabu sana." Mama Zuhura hajawahi kumsifu mtu kwa adabu. Nilielewa, nikajifanya nimefurahi.

Sasa nikupeleke Jeddah.

Ramadhani yangu ya kwanza, familia ilisafiri kwenda Makka, na kutoka huko tukaenda kukaa kwa dada yake madam huko Jeddah. Dada mtu naye akanisimamisha dirishani. Hindawiyah, mafi aman. Ungedhani wamekariri darasa moja. Siku ya pili walinichukua sokoni kununua nguo za watoto za sikukuu. Watu walikuwa wengi kupita kiasi. Nilisimama kidogo kufunga kiatu cha mtoto mkubwa, mtoto akakimbilia kwa mama yake, nami nilipoinuka sikumwona madam, sikuyaona mabuibui yoyote ninayoyajua, na simu yangu ilikuwa imezima. Nikaanza kutafuta gari. Nilitembea na mifuko yangu kuelekea nilikodhani tulikotoka, na kila nilivyotembea ndivyo nyumba zilivyozidi kuwa za zamani na watu walivyozidi kuwa weusi.

Nikamuuliza mwenye duka, hapa wapi? Akasema, Hindawiyah. Nikashika ukuta hapo hapo.

Pembeni ya duka alikuwa amekaa mama mmoja mnene, mweusi kunishinda, anauza njugu na mbegu za tikiti zilizokaangwa. Babu yake alikuja kuhiji kutoka nchi za Wahausa akabaki. Yeye amezaliwa Jeddah, amezeeka Jeddah, na mpaka leo wanamwita Takruni, yaani mtu wa kuja. Ndiye Bi Hawa. Aliniona nimeshika ukuta, akanisogezea kigoda.

"Taali, ukae. Umetoka wapi?"

Sikukaa. Nilikumbatia mifuko ya watoto wa watu kifuani, nikarudi nyuma hatua, nikamwambia sina pesa. Hakuwa ameniomba pesa. Alinitazama mimi, akaitazama mifuko, akatazama nilivyoishika. Kisha akanyoosha mkono wake, akaushika wangu, akaiweka pamoja, ngozi na ngozi, akaiangalia.

"Unaniogopa mimi?" akasema. "Wewe?"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Akaita wenzake waje wamwone Mkenya anayemwogopa Hawa. Wakatoka, kila mlango ulitoa mtu: mwanamke na unga mikononi, mzee na kikombe, watoto wasio na idadi. Walikuwa wananicheka, nami nilikuwa nalia, na katikati ya kunicheka mmoja amechukua simu yangu kwenda kuichaji, mwingine ameniletea kiti chenye mgongo, mwingine amemtuma kijana akalitafute gari letu. Adhana ya magharibi ikalia, nikatiwa tende mdomoni kama mtoto.

Simu ikawaka, madam akapiga. "Uko wapi?" Nikamwambia. Sauti yake ikatetemeka, na haikuwa hasira, ilikuwa hofu ya kweli. "Usile kitu. Usikae na mtu. Usiguse kitu." Tende ilikuwa bado mdomoni.

Gari lilikuja vioo vimepandishwa. Bi Hawa alinipa mbegu za tikiti kwenye karatasi iliyosokotwa, akasema, "Fi amanillah." Nikaingia, milango ikajifunga, tak. Tulipofika mbele kidogo madam akasema vitu vile si visafi, nitupe. Nikateremsha kioo nikatupa. Sikumtazama Bi Hawa nilipoondoka, na ile sauti ya milango bado ninayo masikioni.

Tukarudi Riyadh, kwenye amani yetu.

Habari ya vidole unaijua, lakini uliisikia ukiwa na simu mkononi, kwa hiyo nakuandikia tena. Walikwenda harusini mji mwingine. Madam aliponiacha alichukua simu yangu, kwa sababu aliogopa nitaita watu, akafunga mlango mkubwa kwa nje, na geti kwa nje. Siku ya pili nikashikwa na hamu ya mandazi. Hamu tu, Neki, nyumba ilikuwa kimya na nilitaka kusikia kitu kinalia kwenye mafuta. Sufuria ikateleza. Mafuta yakanimwagikia mkono mzima.

Nilipiga kelele. Nikatoka kwa dirisha la jikoni hadi uani, nikalipiga geti kwa mwiko, kisha kwa sufuria, kwa huu mkono mmoja uliobaki. Niliita kwa Kiarabu nilichokuwa nacho, nikaita kwa Kiswahili, nikaishia kuita kwa Kibukusu, ninamwita mama yangu aliyekwisha kufa. Ukuta wa jirani ulikuwa pale pale ninapoweza kuugusa. Nyumba zile zilijengwa ili sauti isiingie wala isitoke. Kwenye kila pembe ya ukuta kulikuwa na kamera, na zote zilikuwa zinatazama nje. Nilifunga mkono kwa shuka iliyoloa maji nikakaa sakafuni mpaka waliporudi.

Madam aliponiona alilia. Alinipeleka hospitali mwenyewe, akamgombeza daktari anishughulikie kwanza. Lakini vidole viwili vilikuwa vimeshashikana, na ndivyo vilivyo mpaka leo. Njiani kurudi nikamwambia, "Madam, mlango."

Akanigeukia, machozi bado yapo. "Nilifunga kwa usalama wako," akasema. "Ulitaka niwaachie waingie?"

Aliamini alichokuwa akisema. Alikuwa anawaogopa watu wa hara, ambao sijawahi kumwona hata mmoja katika mtaa ule, na kwa kuwaogopa wao akanifungia mimi ndani na moto. Safari iliyofuata alifunga tena. Alininunulia dawa ya kuungua kwanza, akaiweka jikoni, akafunga.

Mkataba ulipokwisha niliomba kuhamia kwa kafili mwingine, yaani mwajiri anayekudhamini. Madam alisaini, kwa hilo namshukuru, maana wengine hunyimwa. Nikaenda Jeddah kumtafuta yule muuza mbegu. Jina langu hakulikumbuka. Alimkumbuka "yule anayeniogopa," na ndivyo alivyoniita miaka yote, hata mbele ya wageni. Yeye ndiye aliyenipatia kazi kwa wale wazee wawili wa ghorofa ya chini ambao nimekusimulia mpaka umewachoka.

Sikudanganyi, Hindawiyah si peponi. Simu yangu iliibwa pale, tena mchana. Vijana walipigana mbele ya dirisha letu kila wiki. Polisi wakija kukagua ikama, kile kibali cha kuishi, mtaa mzima ulitimka, na mimi na ikama yangu mkononi nilitimka nao, kwa mazoea tu. Lakini siku niliyoibiwa nilipiga yowe moja, na kabla sijapiga la pili walikuwa wametoka watu, mmoja amejifunga taulo. Simu haikupatikana. Nililala vizuri.

Ni Bi Hawa aliyenifunulia neno lile. Aliniaga kila jioni kwa fi amanillah, uwe katika ulinzi wa Mungu, nikamwambia kwetu amani ni kukaa kimya, bila kelele. Akashangaa kweli. "Kimya?" akasema. "Sasa kimya kinamlinda nani?"

Utauliza, kama niliyajua hayo, kwa nini sikukurudisha Majengo. Ulikuwa umeshaota mizizi hapa. Na wanawake wenzangu wakiniuliza mtoto wako anakaa wapi, nilipenda kusema Kitengela, ndani ya geti. Nilipenda mno. Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wakimsuta mama wa mtoto mkorofi. Hakuna aliyeniambia kwamba neno hilo linamsuta pia mama wa mtoto mtiifu. Wewe ulinisikiliza, Neki. Kila nililokuambia ulilishika, na sasa nataka uliachie nawe huoni sababu.

Sijui nifanye nini zaidi. Visa imegongwa, tiketi ipo, na wewe ni mtu mzima uliyetembeza vyeti vyako ofisi zote za mji huu. Nimekuomba, nimekugombeza, nimenuna. Kila nikifungua mdomo unanijibu kwa upole na kwa maneno yangu mwenyewe. "Mum, si wewe ulisema mtaa wenye geti ni bora?" Nilisema. Na huenda nyumba unayokwenda ni nzuri. Ziko nzuri, nawajua wasichana waliokaa kwenye majumba hayo wakarudi wamenenepa. Tatizo ni kwamba kwa nje zote zina ukuta mmoja, na picha hupigwa kwa nje.

Nimeiacha barua kidogo. Umerudi.

Nimesikia soja akikufungulia geti, mkicheka. Umependeza, kichwa kimekuuma kama nilivyosema. Umekuja moja kwa moja mpaka hapa mezani, nikaifunika barua kwa gazeti, nawe hata hukuona, kwa sababu ulikuwa na simu mbele ya uso. Wakala amekutumia picha ya chumba chako.

"Ona, Mum. Rum yangu peke yangu. Ona kitanda."

Nikaona kitanda. Nikaona shuka mpya, kabati, dirisha dogo linalotazama ukuta. Picha imepigwa kutoka koridoni, mlango umefunguliwa wote.

"Na iko na komeo," ukasema. "Si ati itakuwa wazi wazi, mtu aingie tu."

Nikavaa miwani.

"Neki," nikasema, "hilo komeo liko upande gani wa mlango?"

Ukaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa. Ukaangalia. Nikadhani sasa umeona. Kisha ukairudisha picha ikawa ndogo.

"Si ni ya kufunga wakisafiri," ukasema. "Hiyo ni ya sekyuriti, Mum. Usianze."

Sikuanza. Nilikuuliza kama utakula ugali au wali.

Namba ya Bi Hawa nimekushonea kwenye pindo la dera lako la maua, kwa sababu simu huchukuliwa. Riyadh na Jeddah ni mbali, hawezi kusikia ukipiga sufuria. Lakini ana watu, na watu wake wana watu, na wengine wako Dira, huko madam wako atakakokuonyesha kwa kidole. Ukiwaona usishike mkoba. Ukiushika watakucheka, halafu watakuletea kiti. Na ukinipigia, ongea karibu na kitu chenye sauti, hata bomba la maji. Nikisikia kimya nyuma yako sitalala.

Sasa hivi nimetoka mlangoni kwako. Ulikuwa umejifungia, unajaribu viatu. Nikabisha. Ukasema, "Nini, Mum?" nikanyamaza. Ukaja, ukavuta komeo, ukafungua, ukaniuliza nataka nini. Nikasema nimesahau.

Sikuwa nimesahau. Nilitaka kusikia ukifungua mwenyewe.

Fi amanillah, mwanangu.

Mama yako